Maisha ya Guglielmo Marconi, Bwana wa Simu ya Upepo

Muhula uliopita Kikundi cha Sayansi cha shule yetu kiliunda chombo kidogo cha kupimia mvua, tukakiweka mwisho wa shamba la shule, upande wa kwendea Lukole. Ndani yake mlikuwa na maikrokontrola, yaani ubongo mdogo wa elektroniki usiozidi kidole gumba. Mlikuwa na betri mbili za tochi, na kifaa cha Wi-Fi cha kupeleka hesabu ya mvua mpaka maabara. Tulitumaini kwamba chombo kile kitafanya kazi muhula mzima. Siku ya kwanza kilisikika kwa shida. Siku ya pili jioni kilikuwa kimya kabisa, na usiku ule mvua kubwa ikanyesha, wala hatukupata hesabu yake.

Wengi wetu tulishauri kwamba zinunuliwe betri kubwa zaidi, na kifaa chenye nguvu zaidi. Mwalimu wetu hakukubali wala hakukataa. Alituagiza twende tukasome maisha ya Marconi, kisha turudi kwake na shauri jingine. Tulinung'unika kidogo, maana hatukuona mtu aliyekufa zamani atatusaidia nini. Lakini tulikwenda, na haya ndiyo tuliyoyapata. Twawaandikia wanafunzi wenzetu, pamoja na walimu na wazazi, ili nao wapate faida.

Guglielmo Marconi alizaliwa tarehe 25 Aprili, 1874, katika mji wa Bologna, nchi ya Italia. Baba yake, Giuseppe, alikuwa mtu mwenye mashamba na mali. Mama yake, Annie Jameson, alikuwa mwanamke wa Ireland, wa ukoo uliopata utajiri kwa kutengeneza wiski. Mtoto huyu hakuwa hodari darasani. Alifundishwa zaidi nyumbani, na alipokuwa kijana hakupata nafasi ya kuingia chuo kikuu. Lakini alipenda mambo ya umeme kuliko chakula, na profesa mmoja jirani yao, jina lake Augusto Righi, alimruhusu kufika kwake na kusoma vitabu.

Mwaka 1888 mtaalamu wa Ujerumani, Heinrich Hertz, alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba cheche ya umeme hutoa mawimbi yasiyoonekana, nayo husafiri hewani bila waya. Hertz alikufa mapema mwaka 1894, akiwa na umri wa miaka 36 tu. Marconi alisoma habari zake mwaka uleule, naye ana miaka 20. Wakati ule wataalamu wengi waliyaona mawimbi hayo kama jambo la kuchunguzwa chuoni tu. Marconi alijiuliza kama hayawezi kuchukua ujumbe.

Basi akajifungia darini katika nyumba ya baba yake, huko Pontecchio karibu na Bologna. Yasemekana kwamba usiku mmoja wa mwezi Desemba, 1894, alimwamsha mama yake akampandisha darini, akabonyeza kitufe upande mmoja wa chumba, na kengele ikalia upande wa pili, wala hapakuwa na waya kati yake. Baba yake alidhani mwanawe anapoteza wakati. Lakini alipoona mambo yanakwenda mbele, alitoa fedha.

Mwaka 1895 Marconi alitoka nje shambani. Hapo ndipo alipopata jambo ambalo twaomba kila msomaji alishike. Alitaka ujumbe ufike mbali zaidi. Badala ya kuongeza umeme tu, aliuinua waya mmoja juu ya mti mrefu, na waya wa pili akaufukia ardhini. Mara ujumbe ukaenda mbali kuliko zamani. Alipouinua waya juu zaidi, ulikwenda mbali zaidi tena. Ndugu yake Alfonso alichukua chombo cha kupokelea mpaka nyuma ya kilima, kiasi cha kilometa 2, akapewa bunduki aifyatue atakapopata ujumbe. Bunduki ikalia. Kilima hakikuweza kuzuia, na kuinua waya hakugharimu umeme wowote.

Mwaka 1896 mama yake alimpeleka Uingereza, ambako alikuwa na jamaa wenye kujulikana. Mwezi Juni mwaka ule Marconi aliomba hataza, yaani hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake. Mhandisi mkuu wa Posta ya Uingereza, William Preece, alimpokea vizuri. Mwezi Mei, 1897, ujumbe ulivuka maji ya Mlango wa Bristol, kiasi cha kilometa 6, na mwaka uleule kampuni yake ikaanzishwa. Mwaka 1899 ujumbe ulivuka bahari kati ya Ufaransa na Uingereza. Tarehe 12 Desemba, 1901, akiwa Newfoundland ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, na waya wake umening'inizwa kwenye tiara lililopeperushwa na upepo mkali, Marconi alisikia nukta tatu za herufi S zilizopelekwa kutoka Poldhu, Uingereza, umbali wa kilometa 3,400 hivi. Wako wataalamu waliotia shaka habari hiyo, na shaka haijakwisha mpaka leo. Lakini mwaka uliofuata, akisafiri kwa meli Philadelphia, alipokea ujumbe kutoka Poldhu huku wenzake melini wakishuhudia.

Katika safari hiyo aliona ajabu moja: usiku ujumbe ulifika mbali, na mchana ulikufa njiani. Hakujua sababu yake. Akafikiri kwamba dawa ni mawimbi marefu zaidi na nguvu nyingi zaidi. Hilo ndilo kosa la maisha yake, nalo lilimchukua miaka ishirini kulitambua.

Tazameni kosa hilo lilivyokuwa kubwa. Mwaka 1907 kampuni yake ilifungua kituo huko Clifden, Ireland, kwa ajili ya kupeleka simu Amerika kwa malipo. Kituo kilihitaji nguvu ya kilowati 300. Kulikuwa na jumba la betri, nazo zilikuwa 6,000. Kulikuwa na tanuru za mvuke zilizochomwa udongo mweusi wa kinamasi, uliokatwa na kukaushwa na vibarua wa kijiji. Nguzo ndefu zilisimama nyikani kama msitu. Mataifa mengine yalipoona hivyo, yakafuata njia ileile, na kila taifa likajitahidi kujenga kituo kilichopita cha mwenzake.

Mashindano hayo yalifika hata kwetu. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani, ambao kampuni yao ya Telefunken ilishindana na ya Marconi, walijenga vituo vya simu ya upepo Mwanza na Bukoba, ili habari zivuke Ziwa Viktoria bila waya. Kwa sababu ya kituo kile, mwezi Juni, 1915, jeshi la Waingereza lilisafiri kwa meli kutoka Kisumu, likashuka Bukoba, likapigana siku mbili, na kuulipua mnara. Hivyo watu wa mkoa wetu waliujua moto wa vita vya simu ya upepo kabla wengi wao hawajapata kuisikia simu yenyewe.

Lakini tusiseme mabaya tu. Simu ya upepo iliokoa watu wengi baharini. Usiku wa tarehe 14 Aprili, 1912, meli Titanic ilipogonga barafu, vijana wawili wa kampuni ya Marconi waliokuwamo melini waliita msaada mpaka maji yakawafikia. Watu 1,500 hivi walikufa, lakini zaidi ya 700 waliokolewa na meli Carpathia, kwa sababu iliisikia sauti ile. Tena Marconi hakuwa peke yake katika kazi hii. Jagadish Chandra Bose wa Kalkuta, Alexander Popov wa Urusi, Oliver Lodge wa Uingereza, na Nikola Tesla huko Marekani, wote walikuwa wametangulia katika sehemu fulani fulani. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1909 Marconi aliigawana na Karl Ferdinand Braun wa Ujerumani. Na mwaka 1943, baada ya kufa kwake, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba madai makubwa ya hataza yake moja hayafai, maana wengine walikuwa wamemtangulia.

Sasa twarudi kwenye lile kosa. Wakati makampuni makubwa yakishika mawimbi marefu, serikali ziliwaachia watu wa kawaida mawimbi mafupi ya chini ya meta 200, kama mwenye shamba anavyowaachia watoto masazo baada ya mavuno. Mawimbi hayo yalidhaniwa kuwa hayafiki mbali. Vijana na wazee wenye kupenda mchezo wa redio wakayatumia kwa vyombo walivyojiundia nyumbani. Mwezi Novemba, 1923, mtu wa Ufaransa na mtu wa Marekani walizungumza kwa mawimbi hayo kuvuka Atlantiki, kwa nguvu ambayo ukiilinganisha na ya Clifden ni kama kibatari mbele ya moto wa nyika.

Marconi mwenyewe alikuwa ameanza kuyachunguza upya mawimbi mafupi tangu mwaka 1916, akisaidiwa na mhandisi wake C. S. Franklin. Katika mwaka 1923 alisafiri kwa meli yake Elettra mpaka visiwa vya Cape Verde, huku kituo cha Poldhu kikimpelekea ujumbe kwa wimbi la meta 97. Poldhu ilianza kwa kilowati 12. Kisha nguvu ikapunguzwa, ikapunguzwa tena, mpaka ikawa kilowati 1 tu. Hata hivyo ujumbe ulisikika kwa nguvu kuliko ule wa kituo kikubwa cha mawimbi marefu kilichokuwa Wales. Baadaye wataalamu walieleza sababu: juu sana angani iko tabaka inayoyarudisha mawimbi mafupi chini, kama ukuta unavyorudisha mpira, nayo hubadilika mchana na usiku. Ndiyo ile ajabu aliyoiona melini mwaka 1902 asiielewe.

Basi Marconi akafanya jambo ambalo wakubwa wengi hawaliwezi. Yeye aliyewaongoza watu wote katika njia ya mawimbi marefu, na ambaye kampuni yake ilikuwa imetumia mali nyingi kwayo, aliiacha. Mwaka 1927 alikiri mbele ya wahandisi wenzake huko Marekani kwamba alikuwa amekosea, na kwamba vituo vilijengwa na nguvu mara nyingi kuliko iliyohitajiwa. Wakati ule vituo vyake vipya, vilivyoelekeza mawimbi mafupi upande mmoja kama mwanga wa tochi, vilikuwa vimekwisha kuiunganisha Uingereza na Kanada, kisha Australia, Afrika ya Kusini na India. Katika miaka ya mwisho alikwenda mbele zaidi, akatumia mawimbi ya nusu meta hivi kumwunganisha Papa wa Roma na nyumba yake ya mapumziko ya Castel Gandolfo.

Lau hadithi yetu ingeishia hapa, ingekuwa nzuri. Lakini maisha ya mtu huandikwa yote. Mwaka 1923 Marconi alijiunga na chama cha Mafashisti cha Mussolini, akapewa vyeo na heshima. Mwezi Oktoba, 1935, majeshi ya Italia yalipoivamia Ethiopia, yakaua watu kwa mabomu na kwa moshi wa sumu, Marconi aliiunga mkono vita ile na kuitetea mbele ya mataifa mengine. Mtu aliyewawezesha watu wa mbali kusikilizana hakusikia kilio cha Waafrika. Sisi wa Afrika ya Mashariki, jirani za Ethiopia, hatuwezi kuisoma habari hiyo na kuipita kimya. Akili ya mtu ni jambo moja, na upande anaouchagua ni jambo jingine.

Marconi alikufa Roma tarehe 20 Julai, 1937, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 63. Kesho yake vituo vya redio vya Uingereza na vya nchi nyingine vilinyamaza dakika mbili kwa heshima yake, na kwa dakika hizo hewa ikarudi kuwa kimya kama alivyoikuta.

Tulipomaliza kusoma tulirudi kwa mwalimu, wala hatukutaja tena betri kubwa. Tulikuwa tumeona kwamba sisi tumejenga Clifden ndogo mwisho wa shamba. Tukajiuliza maswali manne, ambayo twayaandika hapa kwa faida ya kila mwenye kuunda chombo cha betri.

Swali la kwanza: ujumbe wetu una ukubwa gani? Wi-Fi imeundwa kuchukua picha na sauti nyingi kwa haraka. Sisi tulikuwa na tarakimu tatu au nne tu za mvua. Ni kukodi lori kubeba yai moja. Bluetooth ya nguvu ndogo hula kidogo, lakini hufaa chumba na chumba cha pili. Mtambo wa simu ya mkononi hufika mbali kwa msaada wa mnara, lakini una njaa kubwa ya umeme, tena hudai malipo. Iko njia nyingine iitwayo LoRa, iliyobuniwa Ufaransa, ambayo husema polepole sana, neno moja moja, ili msikilizaji aliye mbali apate kulitenga na makelele. Huchukua habari chache, lakini huzifikisha kilometa kadhaa kwa miliwati chache tu. Tukaichagua hiyo.

Swali la pili: wimbi gani? Wi-Fi yetu hutumia wimbi la sentimita 12 hivi, ambalo huchoka upesi kwenye migomba na kuta. LoRa hutumia wimbi refu kidogo, la sentimita 30 na kitu, nalo hupenya vizuri zaidi. Lakini mawimbi si mali ya kila mtu ajichukulie. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ndiyo inayopanga lipi litumike na kwa nguvu gani, na yafaa kuuliza kwanza.

Swali la tatu: antena iko wapi? Wilaya yetu ya Ngara ni nchi ya vilima, na tulikuwa tumekiweka chombo bondeni. Tukafuata mfano wa kijana wa Pontecchio: tukainua antena juu ya mti mrefu pale panapoonekana bati la maabara. Umbali ukizidi mara mbili, hata mahali peupe, nguvu inayohitajiwa huzidi mara nne. Lakini kupanda mti hakuli betri.

Swali la nne, ambalo ni kubwa kuliko yote: chombo kinakesha kwa nini? Chombo cha kwanza kilikuwa macho usiku na mchana, kikila miliampea 80. Betri zetu hubeba miliampea 2,000 kwa saa moja. Gawanya, utapata saa 25, na ndivyo ilivyokuwa. Chombo kipya hulala, kikila sehemu moja ya mia ya miliampea. Kila baada ya dakika 15 huamka, husema kwa sekunde moja kwa miliampea 40, kisha hulala tena. Ukiipiga hesabu kwa wastani, ni miliampea 0.054 tu; na betri zilezile mbili, kwa hesabu ya karatasini, zatosha zaidi ya miaka minne. Betri za kweli huvuja na kuzeeka, kwa hiyo hatuahidi miaka hiyo. Mwaka mmoja utatutosha.

Wazazi wengi wa hapa wanakumbuka jambo hili bila ya kusoma Marconi. Wakati wa kambi ya wakimbizi ya Lukole, jamaa zetu kutoka Burundi walisikiliza Radio Kwizera ya Ngara kwa redio ndogo za betri. Mwenye akili hakuiacha redio ikinguruma kutwa. Aliifungua saa ya habari, akaifunga. Betri ilikuwa fedha, na habari za nyumbani zilikuwa uhai.

Tunapoandika haya ni wiki ya tisa tangu chombo kipya kipandishwe mtini, nacho kinasema kila robo saa. Hesabu za mvua zimebandikwa mlangoni mwa maabara, na mkulima yeyote anayetaka aje azione. Tumekubaliana kwamba hazitafichwa, wala hazitauzwa. Maana Marconi ametufundisha mawili: moja kwa mfano wake mwema, kwamba mwenye kukosea na akiri, ageuze njia, na la pili kwa mfano wake mbaya, kwamba anayetengeneza chombo cha kupeleka habari lazima ajue anampelekea nani, na kwa faida ya nani.